Ulipimia Wapi?

Mtu akimwambia Madam kwamba kitu fulani kina kasi kuliko kingine, yeye hakuuliza kinazidi kwa kiasi gani. Alivua miwani, akaifuta kwa pindo la leso, akasema: "Ulipimia wapi?" Nimemsikia akimuuliza hivyo fundi wa pikipiki. Nimemsikia akimuuliza muuza mbegu sokoni Voi. Na Jumapili moja alimuuliza mchungaji, aliyekuwa ametangaza mbele ya waumini kwamba kwaya yetu ndiyo bora kaunti nzima. Mchungaji alicheka, sisi tukacheka, Madam akabaki amemtazama akisubiri jibu.

Alitufundisha kompyuta katika chuo cha ufundi pale mjini. Namwita Madam kwa sababu sikuwahi kusikia akiitwa vingine, hata na mlinzi wa lango ambaye alimzidi umri kwa mbali. Juu ya mlango wa maabara yake alikuwa amebandika maandishi ya wino mwekundu: Mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake. Wageni walidhani ni pambo. Sisi tulijua anawasema watu wa kazi yetu, ambao kila mmoja akivumbua teknolojia yake huja na vipimo vyake mkononi, na katika vipimo hivyo, ajabu ya Mungu, yeye ndiye mshindi.

"Mshawahi kuona," alituuliza siku ya kwanza, "mtu ameandaa mashindano, amechagua uwanja, amechagua refa, amechagua na saa, halafu akashindwa?"

"Hapana, Madam."

"Basi hilo ndilo somo la mwaka mzima. Hayo mengine mtasoma wenyewe kwa simu."

Maabara yenyewe ilikuwa chumba kimoja chini ya mabati, na anayeijua Voi ya mwezi wa pili hahitaji kuelezwa zaidi. Feni ilikuwa moja, ikizunguka kwa kulalamika. Kando ya ubao alitundika kipimajoto alichokitoa kwenye banda la vifaranga vyake mtaa wa Kaloleni pale mjini, alikopanga nyumba siku za muhula. Tulimcheka kwa kipimajoto hicho. Tulisema Madam anataka kutuatamia tuanguliwe. Alitusikia, akajibu kwamba vifaranga vyake angalau huonekana vinakua.

Ukuta wa nyuma ndio uliokuwa daftari lake. Kila mwanafunzi aliyelinganisha programu mbili alitakiwa kubandika karatasi ya matokeo pale: mashine ipi, saa ngapi, joto kiasi gani, stima au betri, nani aliandaa nini, jaribio lilirudiwa mara ngapi. Ukikosea, hukuruhusiwa kuibandua. Uliandika sahihisho chini yake kwa mkono wako, kila mtu aone. "Ukutani hakuna kinachotoka," alisema. "Kinaongezwa." Kulikuwa na karatasi za watu waliokwisha kuoa na kupata watoto, makosa yao yakiwa bado yanasomwa na kila anayeingia.

Lakini kanuni yake kubwa ilikuwa ile ya mtoto wa jirani. Kwetu milimani mama akienda shamba mbali humwachia jirani mtoto, na kila mtu anajua kwamba mtoto wa jirani hubebwa kwa uangalifu kuliko wako. Wako akianguka ni ajali. Wa jirani akianguka una maelezo ya kutoa. Madam aliichukua desturi hiyo akaileta kwenye kompyuta. Watu wawili wakitaka kushindanisha programu zao, kila mmoja alipewa ya mwenzake aisome, aipange, aifanye ikimbie kadiri ya uwezo wake, na mwenye mtoto amesimama nyuma yake akiangalia. Ndipo saa ilipowashwa. "Kumshinda mgonjwa si kushinda," alisema. "Mlishe kwanza, halafu mkimbizane."

Nisije nikamfanya malaika. Alikuwa na upendeleo wake, na hakuuonea haya. Viazi vya kwao Mghange, kule juu milimani, kwa mfano, havikuwa na mfano duniani, na vingine vyote aliviita maji yaliyovaa ngozi. Siku moja tulimpikia viazi vya Mghange na vingine vilivyoletwa na lori kutoka bara, tukamfunga macho kwa leso yake mwenyewe, tukamwambia achague vitamu. Alichagua vya bara. Alipofunguliwa macho aliviangalia kwa muda, akauliza tulipikia sufuria gani, akayakataa matokeo. Na huyu mtu aliyeweza kubishana asubuhi nzima juu ya sehemu ya elfu ya sekunde, kwaya ilimshinda kabisa. Kila ubeti aliingia kabla ya wenzake, kwa sauti kubwa, na hakuna aliyethubutu kumuuliza yeye alipimia wapi.

Kompyuta yake mwenyewe ilikuwa kongwe kuliko zote chuoni. Mara mbili chuo kilileta mpya, mara mbili akawapa wanafunzi. Alisema programu ikikimbia kwenye yake itakimbia popote. Mimi nadhani pia aliipenda tu, kama watu wanavyopenda kiti kilichozoea mgongo wao.

Sasa nije kwenye langu. Ushirika wa wakulima wa mboga ulitaka programu ya kituo chao cha Bura, chini ya milima ya kwetu, ambako akina mama hushusha kabichi, sukuma wiki na nyanya tangu kunapopambazuka. Mzigo hupimwa kwenye mizani, kilo huingizwa kwenye kompyuta, karatasi hutoka, mzigo hupanda lori. Lori la Mombasa halingoji mtu. Likiondoka ukiwa bado kwenye laini, unarudi mlimani na kabichi zako, na kabichi haijui kungoja. Mama yangu alikuwa mmoja wa wanawake hao. Nilishamwona akirudi na pikapu iliyojaa, akashuka, akaenda kukaa jikoni. Kwa hiyo nilipoambiwa niandike programu, nilijua namwandikia nani.

Tulioandika tulikuwa wawili. Mimi nilitumia teknolojia mpya niliyokuwa nimeipenda kupita kiasi. Mwikali, mwenzetu wa darasani, Mkamba wa pale mjini asiye na maneno mengi, alitumia ya zamani ambayo darasa zima liliita ya babu. Nilipima zote mbili, yangu ikatoka na kasi mara mbili ya yake. Nikachapa, nikabandika, nikashinda karibu na ukuta siku nzima nikijifanya natafuta kitu. Mwenyekiti wa ushirika alikuja, akasoma, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Jumapili ile mama alisimama kanisani kutoa shukrani kwa ajili yangu. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, nami kichwa kilikuwa kimeshavimba.

Madam alirudi Jumatatu kutoka kwao. Aliisoma karatasi kutoka juu hadi chini, akavua miwani.

"Ulipimia wapi, Mwadime?"

"Kwa laptopu yangu, Madam. Zote mbili. Ile ile moja."

"Sijakuuliza mashine gani. Nimekuuliza wapi."

Nikamweleza kwa kujiamini. Yangu niliipima nyumbani kwetu Mghange wakati wa likizo, asubuhi. Ya Mwikali niliipima chumbani kwangu Kaloleni tuliporudi, baada ya chakula cha mchana. Wenzangu walianza kutazamana kabla mimi sijaelewa kitu.

"Na stima?"

"Mghange ilikuwa kwa chaji, Madam."

"Na Kaloleni?"

"Siku hiyo stima ilikuwa imepotea."

Alikwenda akatundua kipimajoto cha vifaranga, akaniwekea mkononi.

"Mghange asubuhi mimi navaa sweta mbili. Ukungu unaingia mpaka jikoni. Kaloleni saa nane, chini ya mabati, hata mjusi hatoki. Hiyo mashine yako ikipata joto inapunguza mwendo ili isiungue, na ikiwa kwa betri ndio kabisa. Sasa niambie, wewe ulipima programu ama ulipima mlima?"

Sikuwa nimedanganya. Naliandika hilo waziwazi kwa sababu miaka mingi lilinichoma. Nilidhani laptopu moja ni haki ya kutosha. Ni kosa ambalo mtu wa Mombasa au Nairobi hangelifanya, maana joto lake ni lile lile akiwa kitandani au darasani. Sisi hutoka kwenye sweta tukaingia kwenye jasho kwa safari ya asubuhi moja, na tumezoea hivyo mpaka tunasahau kwamba vitu vyetu navyo hupanda na kushuka.

Tukarudia. Madam alinipa mtoto wa Mwikali nimbebe, Mwikali akabeba wangu. Nilipokuwa nikiipitia programu yake nikaona kosa, mahali ambapo ilifungua faili lile lile upya kwa kila mkulima aliyefika kwenye mizani. Mwikali alikuwa nyuma yangu na hakuwa ameliona. Lingebaki vile, yangu ingeshinda bila jasho, tena kihalali, maana kosa si langu. Nilikaa nalo kama dakika tano. Nilifikiria mkono wa mwenyekiti, nikafikiria mama alivyosimama kanisani na kitambaa chake kipya. Halafu nikalirekebisha, nikamwonyesha Mwikali, naye akasema tu, "Ai, asante," akaandika kwenye daftari lake. Madam alikuwa kwenye kompyuta yake kongwe kule mwisho, kichwa chini.

Jaribio lenyewe halikufanyika chuoni. Tulikwenda Bura, kwenye kompyuta ya kituo iliyojaa vumbi, tukatumia majina ya akina mama halisi wa siku zilizopita, akina Wakesho sita wenye jina moja, mtandao ukikatika na kurudi kama kawaida yake. Mwendo wa kwanza baada ya kuwasha mashine, ambao watu wengi huutupa wakisema haijapata moto, Madam aliuandika juu kabisa. Kituo huzimwa kila jioni, alisema, na asubuhi kinapowashwa ndipo laini ni ndefu. Tulirudia kutwa nzima, zamu kwa zamu, yangu, yake, yangu, yake, ili joto la mchana liwapate watoto wote sawa.

Jioni tulipojumlisha, wastani wangu ulikuwa mzuri kidogo kuliko wa Mwikali. Niliruka nikaangusha kiti.

"Kaa chini," Madam akasema. "Sasa nipe ile mbaya zaidi."

Ile mbaya zaidi ilikuwa yangu. Programu yangu ilikimbia, ikakimbia, halafu bila kutegemewa ikasimama kama mtu aliyesahau alikotumwa. Ya Mwikali ilitembea mwendo mmoja tangu mama wa kwanza hadi wa mwisho. Kwa orodha za siku tatu kati ya zile za nyuma tulizojaribu, mwisho wa laini yangu ungekuta lori limeshaondoka. Kwa yake, hakuna hata siku moja.

"Mama wa mwisho kwenye laini hajui wastani," Madam alisema taratibu. "Yeye anajua lori limeenda ama halijaenda."

Na mama wa mwisho, kwa kuwa Mghange ni mbali, mara nyingi alikuwa wangu.

Ushirika ulichukua ya Mwikali. Madam alimlazimisha naye aandike kwenye karatasi yake kwamba kwenye mashine kubwa na mpya, yenye wakulima wengi zaidi, ya Mwadime ndiyo inayoongoza. "Kushinda Bura si kushinda dunia," alimwambia, na Mwikali aliandika bila kinyongo. Mimi niliandika sahihisho langu kwa kalamu ya bluu, chini ya maandishi yangu ya majivuno: nilipima wapi, kwa nini haikuwa haki, na matokeo ya kweli ni yapi. Nilimwomba aniruhusu niibandue ile ya kwanza. Akakataa. Nilimwambia mama yangu atadhani nilimdanganya. Akasema, "Mama yako mletee hapa, nitamsomea mwenyewe." Nilimchukia. Sikumsalimia mpaka muhula ukaisha, na yeye aliendelea kunisalimia kila asubuhi kwa lugha ya kwetu, "Kwawuka mana, Mwadime," kama vile nimejibu.

Baada ya chuo nilifungua ofisi ndogo Voi, ya kutengeneza simu na kompyuta. Maabara sikuikanyaga tena. Nikipita barabara ya chuo nilijua karatasi yangu iko mle ndani, kwenye ukuta wa nyuma, mkono wa kushoto, inasomwa na watoto wa watu.

Halafu siku moja akaja mwenyekiti yule yule wa ushirika. Kampuni moja kutoka Nairobi ilikuwa imewaletea programu mpya, na pamoja nayo kijitabu cha rangi kinachoonyesha inavyozishinda nyingine zote. Alitaka mtu wa kuipima. Nilishangaa kwamba amekuja kwangu, mimi ambaye aliwahi kunishika mkono kwa ushindi wa uongo, lakini kazi sikuikataa. Nilipanda Bura na kipimajoto. Nilimwita kijana wa kampuni aje aandae ya Mwikali, na Mwikali aandae yao. Yule kijana aliona ni mchezo wa kijijini, lakini jioni alikuwa ameacha kijitabu chake kwenye gari. Programu yao ilikuwa nzuri kwa mambo mawili na mbaya kwa lile moja lililotakiwa, nami niliandika yote matatu. Tangu hapo nimeitwa na ushirika mwingine, na vituo vya afya, na shule. Hiyo ndiyo kazi yangu sasa, mimi na Mwikali pamoja. Watu wa hapa wakitaka kununua programu, wanasema kwanza ikapimwe Voi. Nikiisikia kauli hiyo kifua hunijaa, na sitaki kujifanya vingine.

Mwaka huu nilisikia maabara itapakwa rangi. Nikaenda. Madam alikuwa ameshastaafu na karatasi zake bado zilikuwa pale, zimekuwa za manjano. Nilikwenda moja kwa moja mkono wa kushoto. Yangu haikuwepo. Palikuwa na alama nne za gundi na mstatili mweupe, ukuta mzima ukiwa umejaa pande zote. Ningefurahi, sivyo? Badala yake niliumia. Niliona kwamba Madam alinionea huruma, kwamba kati ya wote ni mimi pekee niliyeonekana siwezi kubeba kosa langu, akalitoa kimyakimya. Kesho yake nilipanda Mghange kumuuliza.

Nilimkuta nje ya jikoni, sweta mbili, na majiko mawili mbele yake, moja la bati na moja la udongo. Jirani yake anafinyanga yale ya udongo.

"Kwawuka mana, Mwadime. Unapenda lipi?"

"La bati, Madam. Linashika moto haraka."

"Mimi napenda la udongo. Basi shika la udongo, mimi nishike la bati. Makaa nimeshayapima, na sufuria zote mbili zina maji sawa."

Tukainama kila mtu kwenye jiko la mwenzake. Alikuwa amekonda, lakini alilipepea lile jiko la bati kwa bidii ya kweli, kama anayelitakia mema. Nikamwambia nilichokuja kusema. Nikasema nimeona ukuta, na kwamba sikuhitaji kuhurumiwa.

"Nani amekuhurumia?"

"Yangu umeitoa, Madam. Na wewe ulisema ukutani hakuna kinachotoka."

"Nilisema." Alipepea kidogo. "Hiyo moja ilitoka. Mwenyekiti wa ushirika alikuja akaniuliza, kuna watu wa Nairobi wana kitabu, nani atatupimia? Nani wa kuaminika? Akataka nimwandikie barua. Mimi barua sijui kuandika. Nikabandua karatasi yako, nikampa."

Mikono yangu ilisimama.

"Ile ya kosa?"

"Ile yenye majibu mawili, yote kwa mkono wako, la pili linakukataa wewe mwenyewe. Pale ukutani zilikuwa nyingi zenye jibu moja." Akavua miwani, akaanza kuifuta. "Na nikamwambia habari ya zile dakika tano. Wewe ulidhani nilikuwa sioni? Kompyuta yangu ni nzee, macho yangu yalikuwa sawa. Nilihesabu. Nilikuwa nasali."

Miaka yote ile nilikuwa nikiikwepa maabara kwa ajili ya karatasi iliyokuwa imeshanitangulia na kunifungulia mlango. Nilipepea jiko la udongo, moshi ukanisaidia, kila nilichofuta machoni kilikuwa na sababu.

Sufuria yangu ndiyo iliyotokota kwanza. Jiko la jirani yake, alilolipenda yeye, nililolishika mimi. Madam aliangalia mvuke, akajaribu kutotabasamu na akashindwa, kisha akaniletea daftari na kalamu ya bluu.

"Andika," akasema. "Na uandike ulipimia wapi."